Kuukuu au ya Kale? Namna ya Kuitambua Pikipiki ya Thamani Kabla Hujaipaka Rangi

Baba yangu alikuwa na Honda 90 ya buluu. Aliipanda kila asubuhi kwenda shule aliyokuwa akifundisha, mpaka alipostaafu. Kisha ikalala stoo miaka 14, nyuma ya magunia ya mahindi. Alipofariki nikaitoa. Rangi ilikuwa imefifia, siti ilikuwa na mpasuko, na madigadi ya mbele ilikuwa imeshika kutu ukingoni. Kwa mapenzi niliyokuwa nayo kwa marehemu, nikaipeleka kwa fundi rangi.

Kwa siku 3 msasa ulipita kila mahali. Rangi ya kiwandani ikaondoka, maandishi ya ubavuni yakaondoka, nembo ya mbele ikang'olewa na haikurudi. Kava la cheni likatupwa kwa sababu lilikuwa linagonga. Siti ikavikwa ngozi nyekundu. Pikipiki ikarudi nyumbani inang'aa kama sufuria lililotoka dukani.

Wiki 2 baadaye akaja mzee mmoja anayekusanya pikipiki za zamani. Alikuwa amesikia habari zake kwa jirani. Aliizunguka mara moja, akachuchumaa, akapitisha kidole pale nembo ilipokuwa. "Mwanangu," akasema, "ungeniita kabla ya fundi rangi." Akanywa chai, akaaga.

Kutu ilikuwa na miaka 14 ya kuiharibu pikipiki ile na ilikula ukingo wa madigadi tu. Yaliyobaki niliyaharibu mimi. Mwongozo huu nimekuandikia wewe uliye na pikipiki ya zamani stoo, au unayetaka kuinunua, na bado hujafika kwa fundi rangi.

Kwanza tuelewane maneno

Kitu kuukuu ni kitu kilichochakaa: nguo kuukuu, ndoo kuukuu. Kitu cha kale ni kitu kilichotoka zama nyingine kikiwa bado na sura yake, kiasi kwamba ukikitazama unazijua zama zile. Pikipiki mbili zinaweza kutoka kiwanda kimoja, mwaka mmoja, na leo moja ikawa kuukuu na nyingine ikawa ya kale.

Umri ni mlango tu. FIVA, shirikisho la kimataifa la vyombo vya moto vya kale lililoundwa mwaka 1966, linataka chombo kiwe na miaka 30 au zaidi, na kiwe kimehifadhiwa katika hali iliyo sahihi kihistoria. Chama cha Uingereza cha Vintage Motor Cycle Club, kilichoanzishwa mwaka 1946, kinaanzia miaka 25. Serikali ya Uingereza husamehe kodi ya barabara kwa chombo kilichotimiza miaka 40. Kwa matumizi yako wewe, shika miaka 30. Ikiwa pikipiki haijafika hapo, itunze na usubiri. Ikiwa imefika, iulize maswali manne:

1. Ilibadilisha nini duniani, au hapa kwetu?
2. Imebaki na vipande vyake vya kiwandani vingapi?
3. Zimebaki chache, na wapo wanaozitafuta?
4. Ina historia inayoweza kuthibitishwa kwa karatasi, picha au shahidi?

Swali la tatu watu hulitanguliza na kulipa uzito mno. Uchache peke yake hautoshi. Kuna pikipiki zilizobaki chache kwa sababu zilikuwa mbovu tangu siku ya kwanza, na hakuna anayezililia. Mawili ya mwanzo ndiyo yenye uzito, kwa hiyo tukae hapo.

Ilibadilisha nini?

Sababu ya kuuliza hivi ni kwamba watu huiheshimu pikipiki iliyofungua njia kuliko iliyofuata njia. Nitakupa mifano mitatu ambayo huenda iko mtaani kwako sasa hivi.

*Honda 50, 70 na 90.* Mwezi Agosti 1958 kampuni ya Honda ilitoa Super Cub C100 yenye injini ya cc 49, chanzo cha familia hii. Takeo Fujisawa, mshirika wa Soichiro Honda, alitaka chombo ambacho kijana anayepelekea watu soba, zile tambi za Kijapani, angekiendesha kwa mkono mmoja huku wa pili umebeba sinia. Ndiyo maana haina klachi ya mkononi. Katikati iko wazi ili mtu apande bila kurusha mguu, na mbele ina ngao ya plastiki inayokinga miguu dhidi ya tope. Walichokifikiria kwa ajili ya mitaa ya Tokyo kikamfaa sawasawa mwalimu mwenye suruali nyeupe, mkunga mwenye gauni na shehe mwenye kanzu. Kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100, idadi ambayo hakuna chombo kingine cha moto kilichoifikia.

*Vespa.* Piaggio waliomba hataza yake tarehe 23 Aprili 1946. Aliyeichora, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege asiyezipenda pikipiki: zilimchafua, na kubadili tairi kulikuwa kazi. Basi akaificha injini, akaweka gia kwenye mkono wa kushoto, na gurudumu la mbele akalishika upande mmoja tu, kama la ndege, ili litoke kirahisi. Tena hakutumia mabomba: bati lililokunjwa ndilo fremu yenyewe. Shika jambo hilo la bati, tutalirudia kwenye ukaguzi. Ukipita Unguja utaziona bado kazini, nyingine zimepita miaka 30 zikiwa mikononi mwa familia moja.

*Honda CG125.* Hii naisemea kwa nguvu, maana hapa kwetu inadharauliwa kwa kuwa tumeizoea. Ilitoka katikati ya miaka ya 1970, na ilichorwa makusudi kwa ajili ya nchi kama zetu. Wahandisi walikwenda kuona jinsi pikipiki zinavyotumika: mizigo mizito, vumbi, oili isiyobadilishwa kwa wakati, cheni isiyowahi kuona grisi. Wakaacha mtindo wa injini yenye cheni ya ndani inayoendesha kamshafti ya juu, wakatumia vijiti vya kusukuma valvu, mfumo wa zamani lakini mvumilivu. Cheni ya nje wakaifunika yote. Viwanda vya China vikaiiga injini hiyo, na leo sehemu kubwa ya pikipiki za Kichina zinazobeba abiria Afrika Mashariki zina damu yake. Ukiwa na CG125 halisi ya miaka ile yenye kava lake la cheni, una mzazi wa bodaboda.

Kuna wanaosema pikipiki ya kunakili haiwezi kuwa ya kale. Si kweli. DKW RT125 ya Ujerumani ilinakiliwa na BSA wa Uingereza baada ya Vita vya Pili, ikawa Bantam ya mwaka 1948. Hata YA-1, pikipiki ya kwanza kabisa ya Yamaha, ya mwaka 1955, ilifuata mchoro huohuo. Bantam na YA-1 leo zinaheshimiwa zote mbili, kila moja kwa kile ilichokifungua kwao.

> UKIKUTANA NA HIZI, SIMAMA UTAZAME
>
> • BSA M20, cc 496: ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Pili, zilitengenezwa takriban 126,000.
>
> • Royal Enfield Bullet: jina lake limetumika tangu mwaka 1932, na kuanzia 1955 zikaunganishwa Madras, India.
>
> • Triumph Bonneville T120, cc 649: kuanzia mwaka 1959.
>
> • Honda CB750: ya mwaka 1969, silinda nne na breki ya diski mbele, wakati nyingi za enzi hizo zilikuwa na dramu.
>
> • Yamaha XT500: iliyoshinda mbio za kwanza za Paris–Dakar, Januari 1979.
>
> • Yamaha DT na AG100, Suzuki TF125, Honda XL125: farasi wa mabwana shamba, wauguzi na miradi ya maji. Nyingi zilikufa kazini, ndiyo maana iliyo nzima sasa inastahili kuangaliwa.

Imebaki na vyake vingapi?

Hapa ndipo pesa na heshima vilipo, na hapa ndipo nilipokosea. Pistoni utaipata. Ringi, plagi, beringi, cheni, vyote vipo madukani au fundi atakuchongea. Lakini kava la ubavuni lenye maandishi yake, kioo cha taa chenye chapa ya kiwanda, spidomita ya mwaka ule, hivyo vikitupwa vimekwenda. Kwa hiyo pikipiki isiyowaka lakini imetimia mwili ina thamani kuliko inayowaka vizuri huku imevaa nguo za watu.

Rangi ya kiwandani nayo, hata ikiwa imefifia, ni ushahidi. Mikwaruzo ya goti la mwenyewe kwenye tangi haiwezi kununuliwa, wala fundi hawezi kuitengeneza.

Namna ya kuikagua, hatua kwa hatua

Beba tochi, sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa laini, tambara lenye oili kidogo, daftari na simu. Nenda mchana.

1. Piga picha kabla hujagusa. Pande zote, chini, ndani ya siti, njia za waya. Utakapoibomoa baada ya miezi, picha hizi ndizo zitakazokuambia waya gani ulipita wapi.

2. Tafuta namba mbili: ya fremu na ya injini. Ya fremu mara nyingi imegongwa kwenye shingo ya usukani. Futa grisi kwa tambara, usikwangue kwa bisibisi. Kwenye Vespa, herufi za mwanzo za fremu huishia na T na za injini huishia na M, maana ni maneno ya Kiitaliano ya fremu na injini. Ukikuta namba ya fremu isiyo na T, uliza maswali.

3. Usishtuke namba zisipofanana, mpaka ujue kiwanda. Triumph waligonga namba moja pande zote mbili, kwa hiyo zikitofautiana injini imebadilishwa. Honda hawakufanya hivyo. Namba zao hutofautiana tangu kiwandani. Kinachotakiwa ni zote mbili zilingane na kadi ya usajili. Namba iliyopinda, au iliyokaa juu ya chuma kilichosagwa, ni ya kukimbia.

4. Pitisha sumaku. Inaposhika kwa ulegevu, chini ya rangi kuna fila. Kwa pikipiki yenye fremu ya mabomba hiyo ni habari mbaya kidogo. Kwa Vespa ni habari mbaya sana, kwa sababu bati ndiyo fremu: sakafu iliyooza na kuzibwa kwa fila ni fremu iliyooza. Inua mpira wa sakafu, gonga kwa kidole, tazama kwa chini kwa tochi. Chunga hasa Vespa zilizopakwa rangi mbili za kuvutia na kuuzwa kutoka Asia ya Kusini Mashariki. Nyingine ni vipande vya skuta tatu vilivyochomelewa pamoja.

5. Tafuta rangi ya kwanza. Chini ya siti, chini ya tangi, ndani ya kava la betri. Mpaka rangi mvivu haifiki huko, na kwa mara moja uvivu wake unakusaidia.

6. Jaribu kama injini inazunguka. Bonyeza kiki kwa mkono, taratibu. Ikigoma, acha. Injini iliyoshikana si mwisho wa habari, ni sababu ya kupunguza bei.

7. Soma tarehe ya tairi. Tarakimu nne ubavuni, mfano 2303, ni wiki ya 23 ya mwaka 2003. Tairi inaweza kuwa na meno yote na bado mpira umekufa. Hesabia tairi mpya kwenye bajeti yako.

8. Jaza orodha hii. Kila kipande cha kiwandani kipe alama moja.

> VIPANDE KUMI VYA KUHESABU
>
> ☐ Fremu isiyokatwa wala kuchomelewa
>
> ☐ Injini inayolingana na kadi
>
> ☐ Tangi lisilo na fila
>
> ☐ Rangi ya kiwandani, angalau nusu
>
> ☐ Nembo na maandishi
>
> ☐ Madigadi zote mbili
>
> ☐ Kava za ubavuni na kava la cheni
>
> ☐ Taa ya mbele, swichi na spidomita
>
> ☐ Ekzosi ya kiwandani
>
> ☐ Siti yenye umbo lake la kwanza

Kipimo changu ni hiki. Alama 7 na kuendelea, usibadilishe kitu: hifadhi. Kati ya 4 na 6, inastahili ukarabati wa polepole. Chini ya 4, inunue tu kama unahitaji spea au kama ilikuwa ya mtu wako.

Karatasi kabla ya pesa

Pikipiki nyingi za umri huu wenyewe wamekwisha kufariki. Mtoto mmoja anakuuzia, baada ya mwezi anatokea kaka yake wa Mwanza, kisha mjane, na kila mmoja anadai chake. Nimeona watu wa nyumba moja wakiacha kusemezana kwa sababu ya pikipiki isiyowaka. Fuata utaratibu huu:

1. Omba kadi ya usajili, au logibuku kwa walioko Kenya. Linganisha namba zote mbili kwa macho yako mwenyewe.
2. Mwenye kadi akiwa marehemu, nunua kwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na uone barua ya uteuzi. Maneno ya "sisi tumekubaliana" hayatoshi.
3. Ikiwa ilitoka mnada wa serikali au wa mradi, dai hati ya mnada.
4. Peleka namba mamlaka ya mapato uulize kama ina deni au pingamizi, kabla ya kutoa hata malipo ya awali. Ukitaka kuivusha Vespa ya Unguja kuja Bara, ulizia ushuru kwanza.
5. Andikianeni mkataba wenye namba ya fremu, namba ya injini na mashahidi wawili.

Pikipiki isiyo na kadi kabisa usiinunue kwa bei ya pikipiki. Ni spea.

Kuiamsha baada ya usingizi mrefu

Kosa linaloua injini nyingi hufanyika saa ya kwanza: furaha inampanda mtu, anamimina petroli mpya juu ya kutu ya zamani na kupiga kiki kwa nguvu zote. Ringi zilizoshikana na silinda hukatika, na uchafu wa tangi unashuka kwenye kabureta. Fanya hivi:

1. Fungua plagi, mimina vijiko 2 vya oili nyepesi iliyochanganywa na dizeli ndani ya tundu. Acha siku 3 au zaidi.

2. Izungushe kwa upole, plagi ikiwa nje. Weka gia ya juu, sukuma gurudumu la nyuma mbele na nyuma. Honda 50 na 90 zina klachi inayojiendesha, kwa hiyo njia hiyo haifai kwazo. Bonyeza kiki kwa kiganja.

3. Badili oili. Kwa Vespa na nyingine zinazochanganyiwa oili kwenye petroli, kumbuka mchanganyiko: Vespa PX ni asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita. Petroli tupu itaiua ndani ya safari moja.

4. Safisha tangi. Mwaga petroli ya zamani, toa koki, ziba tundu. Jaza siki ya dukani, iache usiku kucha. Tia nati ndogo kadhaa, tikisa, zihesabu zikitoka. Suuza kwa maji yenye magadi ya kupikia ili kuua ukali wa siki, kausha juani mara moja, kisha jaza petroli siku hiyohiyo. Chuma kitupu hushika kutu ndani ya saa chache.

5. Fungua kabureta juu ya sinia jeupe, ili kijispringi kikianguka ukione. Jeti zizibue kwa hewa. Usichokonoe kwa waya. Tundu likipanuka hata kidogo injini itakula mafuta na kutoa moshi mweusi.

6. Tazama cheche. Safisha platini, rekebisha nafasi yake. Kwa Honda ndogo ni milimita 0.3 hadi 0.4, na plagi ni 0.6 hadi 0.7.

7. Kagua umeme. Nyingi za zamani ni volti 6. Ukifunga betri ya volti 12 kwa kuwa ndiyo iliyopatikana, utaunguza balbu zote.

8. Fungua breki. Kiatu cha breki kikishaachana na gundi yake, kibadilishe. Nyaya za breki na klachi zilizochanika hata uzi mmoja, badilisha.

9. Washa ukiwa nje, si ndani ya stoo. Dakika 2 za kwanza usiivute mafuta. Sikiliza, tazama kama oili inavuja, zima, kaza nati.

> ONYO
>
> Tangi lililowahi kuwa na petroli usilichomelee wala kumruhusu fundi alichomelee hivihivi, hata likiwa limekaa tupu miaka. Mvuke uliobaki hulipuka.
>
> Viatu vya breki vya zamani vinaweza kuwa na asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Futa kwa tambara lililolowa, kisha lifunge kwenye mfuko ulitupe.

Kuisafisha bila kuivua

Maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, sponji laini, kisha nta ya gari. Ni hayo tu kwa rangi. Kwa kromu yenye kutu nyepesi, chukua karatasi ya aluminiamu ya jikoni, ilowanishe kwa maji, sugua taratibu. Kutu itatoka bila kuacha mikwaruzo ya brashi ya waya. Siti iliyopasuka ishonwe pale pale ilipopasuka, kwa uzi wa rangi yake. Sehemu zilizo wazi na kuota kutu, pangusa kwa oili.

Usiruhusu presha ya maji ya kuoshea magari isogelee nembo wala beringi za magurudumu.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Kutupa kipande "kibovu" baada ya kufunga kipya. Kava lililovunjika linaunganishwa. Lililotupwa halina dawa. Weka kila kitu kwenye boksi na uliandike.

Kufunga spea za pikipiki za leo kwa kuwa zinaingia. Taa ya kisasa ya LED, vioo vya bodaboda, usukani mpana, honi ya lori. Kama lazima ufunge kwa ajili ya usalama, funga bila kutoboa fremu, na cha zamani kiende boksini.

Kubomoa yote kwa siku moja. Bomoa sehemu moja, imalize, nenda nyingine. Nimeona Yamaha DT nzuri zikiuzwa ndani ya ndoo tatu.

Kuificha. Pikipiki iliyosimama hukauka sili na kuziba kabureta. Itembeze angalau mara moja kwa mwezi, kilomita za kutosha ipate moto vizuri. Na ukitaka kujifunza jicho la waamuzi, nenda Nairobi kwenye Concours d'Elegance, katika viwanja vya mbio za farasi vya Ngong, ambako pikipiki hushindanishwa pamoja na magari. Simama karibu na wanaozikagua utazame wanainama wapi.

Daftari la pikipiki

Nunua daftari la jalada gumu. Ukurasa wa kwanza andika namba zote mbili. Kisha nenda kwa mwenye nayo wa kwanza, au ndugu zake walio hai, kaa naye, muulize aliinunua wapi, mwaka gani, alilipa taslimu au kwa makato ya mshahara, ilimpeleka safari ndefu ipi, nani fundi wake. Omba picha ya zamani aliyopigwa nayo uinakili kwa simu. Kila matengenezo, andika tarehe na ulichobadilisha. Hili ndilo jibu la swali la nne, na haligharimu kitu. Lakini waulize mapema. Wengi wao ni watu wa miaka 80 sasa.

Kama umekwisha kuchelewa kama mimi

Usiongeze kosa juu ya kosa kwa kukimbilia rangi ya pili. Kwanza tafuta vipande: kava, nembo, kioo cha taa. Zunguka kwenye magereji ya zamani, si maduka mapya, na uulize kilichoko chini ya meza. Mimi kava la cheni nililipata kwa fundi mmoja wa Korogwe, alikuwa amelitumia kama kibao cha kuwekea spana. Mwili ukishatimia, ndipo uirudishe rangi yake ya kwanza, ileile, bila kuipendezesha. Rangi hiyo usiichague kwenye kitabu cha fundi wala kwa kukumbuka. Tafuta kipande kilichosalimika.

Ile Honda 90 ya baba inacho. Chini ya siti, nyuma ya tangi, kuna sehemu ya upana wa kiganja ambako msasa haukufika. Buluu yake ni nzito kuliko nilivyokuwa nikiikumbuka. Nimeibandikia karatasi yenye maandishi ya kalamu nyekundu: HAPA PASIGUSWE.